Maporomoko ya ardhi: king'ora kikae mlimani, si kwenye seva ya Nairobi

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Leo nataka tuzungumze kuhusu dalili za kitu kingine, kitu ambacho karibu kila msimu wa mvua nyingi hutuachia misiba: maporomoko ya ardhi. Je, mlima nao hutoa dalili kabla ya kuanguka? Mara nyingi hutoa, na dalili mojawapo ni sauti. Sikio la binadamu haliwezi kuisikia, lakini kifaa kidogo kinaweza, na kifaa chenyewe si cha ajabu kama mtakavyoona.

Hata hivyo sikuja kukisifu kifaa tu. Nina ugomvi mdogo na wenzangu tunaoandika programu. Kila tukipewa kifaa kinachopima kitu, wazo letu la kwanza ni kukiunganisha na intaneti, kutuma data yote kwenye seva ya mbali, kuchora grafu nzuri na kutengeneza programu ya simu. Mimi nasema kwa jambo hili tukifanya hivyo tutaua watu. Uamuzi wa kupiga king'ora unapaswa kufanyika pale pale mlimani, ndani ya kifaa chenyewe. Hebu nieleze kwa nini.

Kwanza tukumbushane

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, milima ya West Pokot iliporomoka baada ya mvua kubwa na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Aprili 2020 ikawa zamu ya Chesegon, mpakani mwa West Pokot na Elgeyo Marakwet. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025, Chesongoch kule Marakwet Mashariki ilifunikwa na matope na mawe, na zaidi ya watu 20 wakafa. Kwa majirani zetu hali ni hiyo hiyo. Tarehe 1 Machi 2010 kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa, Uganda, kilizikwa na udongo wa Mlima Elgon na mamia ya watu hawakuonekana tena. Tarehe 3 Desemba 2023 mji wa Katesh, Tanzania, ulivamiwa na tope kutoka Mlima Hanang, na zaidi ya watu 80 wakafariki.

Tazama hizo za kwetu. West Pokot ilikuwa usiku. Chesongoch ilikuwa usiku. Mvua inanyesha, watu wamelala, giza totoro. Ukitaka kutengeneza mfumo wa tahadhari, huyo ndiye mteja wako: mama aliyelala na watoto wanne, simu yake imezimika au imebakiza chaji kidogo, mabati yanapiga kelele kwa mvua. Kama mfumo wako haumfikii huyo, basi hujatengeneza kitu.

Kwa nini udongo huteleza

Udongo ulio kwenye mteremko hukaa mahali pake kwa sababu chembe zake zimebanana na zinasuguana. Mvua ikinyesha kwa siku nyingi, maji hujaa kwenye nafasi zilizo kati ya chembe. Shinikizo la maji hayo huzisukuma chembe ziachane kidogo, na msuguano unapungua. Uzito wa udongo haupungui, bali unaongezeka kwa sababu ya maji. Ukiongeza barabara iliyokatwa chini ya mteremko, au miti iliyong'olewa mizizi, hesabu inazidi kuharibika. Inafika mahali msuguano unashindwa na uzito.

Jambo la kutupa matumaini ni kwamba miteremko mingi haianguki kwa ghafla kama bilauri iliyosukumwa mezani. Huanza kutambaa polepole, milimita chache kwa siku au hata kwa mwezi. Nyufa hutokea ardhini, milango ya nyumba inakataa kufunga, miti na nguzo zinainama. Kisha kasi inaongezeka, na inaendelea kuongezeka hadi mteremko wote unaachia. Muda kati ya kutambaa na kuachia unaweza kuwa wiki, siku, saa au dakika. Kifaa cha tahadhari kinafanya kazi ndani ya muda huo.

Namna ya kuusikiliza mlima

Sasa tuje kwenye sauti. Huchimbwa shimo jembamba kwa mashine, kutoka juu ya ardhi hadi kupita tabaka linaloteleza. Ndani yake husimamishwa bomba la chuma, na nafasi inayobaki kati ya bomba na ukuta wa shimo hujazwa changarawe au mchanga mkavu wenye chembe ngumu. Mteremko ukisogea hata kidogo, shimo linapindika, changarawe zinasagana na kusugua bomba. Kelele hiyo inapanda kwenye chuma hadi juu ya ardhi, ambako kimebandikwa kipande cha piezo. Piezo ni aina ya kauri inayotoa umeme kidogo ikitetemeshwa. Ni jamaa wa kile kisahani kinacholia ndani ya saa ya mezani.

Utauliza, kwa nini changarawe? Kwa sababu udongo wa mfinyanzi ukisogea wenyewe hutoa kelele ndogo mno, halafu unaimeza kabla haijafika mbali. Changarawe zinapiga kelele kwa niaba yake, na chuma kinaibeba bila kuipoteza sana.

Baada ya hapo kuna hatua mbili ambazo kwangu mimi ndizo tamu. Hatua ya kwanza ni kuchuja. Kifaa kinasikiliza masafa ya kati ya kilohezi 20 na 30 tu, yaani mitetemo 20,000 hadi 30,000 kwa sekunde. Hapo ni juu ya uwezo wa sikio letu, na kelele nyingi za kila siku kama upepo na malori ziko chini ya hapo. Hatua ya pili ni kuhesabu. Kifaa hakirekodi sauti hata kidogo. Kinaweka kizingiti cha volti, halafu kinahesabu ni mara ngapi ishara imevuka kizingiti hicho katika kipindi fulani. Mwisho wa kipindi unabaki na namba moja tu. Namba ikipanda, mteremko umeongeza kasi.

Mbinu hii imefanyiwa kazi kwa miaka mingi na Neil Dixon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza. Kifaa chao walikiita Slope ALARMS, na mojawapo ya mahali kilipojaribiwa ni Hollin Hill, North Yorkshire, ambako Shirika la Jiolojia la Uingereza lina kituo cha utafiti kwenye mteremko unaotambaa polepole. Walionyesha kwamba kiwango cha hesabu kinakwenda sambamba na kasi ya mteremko, kiasi kwamba unaweza kusema kama kasi imepanda mara kumi au mara mia. Hilo linatosha kabisa kwa tahadhari. Mtu aliyelala chini ya mlima hahitaji kujua kama unasogea kwa milimita 2.1 au 2.3 kwa saa. Anahitaji kujua kama umetoka kwenye kutambaa na kuingia kwenye kukimbia.

Baadaye wakatengeneza toleo la bei nafuu walilolipa jina Community Slope SAFE, kwa ajili ya jamii za nchi zenye kipato kidogo na cha kati, na likajaribiwa Malaysia na Myanmar. Makala yao kuhusu kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2018. Kwa hiyo hatuzungumzii ndoto.

Nilijaribu mwenyewe

Kwa sababu mimi ni mtu wa kushika vitu, nilikwenda Luthuli Avenue nikanunua visahani vya piezo, nikachukua bomba la chuma la mita moja, ndoo ya changarawe, saketi ya kukuza ishara na chipu ndogo ya kuhesabu. Nikasimamisha bomba katikati ya ndoo, nikajaza changarawe, nikawa nazibana pembeni polepole kwa jeki ya gari.

Hilo si jaribio la kisayansi na silileti hapa kama ushahidi. Lakini kanuni inaonekana kwa macho. Changarawe zikitulia, namba inakaa karibu na sifuri. Ukizungusha jeki kidogo, namba inapanda. Ukizungusha haraka zaidi, inapanda zaidi. Nikafungulia redio kwa sauti kubwa, namba ikatikisika kidogo sana. Mtoto wa jirani akaja akagonga bomba kwa kijiko, namba ikaruka juu kwa dakika moja halafu ikashuka. Hilo la kijiko lilinifunza kitu: kugongwa kunapita, kuteleza kunaendelea. Programu ikitazama vipindi viwili au vitatu mfululizo badala ya kimoja, imeshaondoa vijiko vingi.

Hesabu ya data

Tuseme tungefuata tabia yetu ya kurekodi kila kitu. Ili kunasa sauti ya kilohezi 30 vizuri tuchukue sampuli 100,000 kwa sekunde, kila sampuli baiti 2. Hiyo ni baiti 200,000 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 17.28 kwa siku, kwa bomba moja. Jaribu kuzituma kutoka kwenye bonde la Kerio wakati wa mvua!

Sasa tufuate njia ya kuhesabu. Namba moja ya baiti 4 kila dakika 15 ni namba 96 kwa siku, jumla baiti 384. Zinaingia kwenye jumbe chache za kawaida za simu. Lakini faida kubwa kuliko bando ni kwamba namba moja inaweza kulinganishwa na kizingiti na chipu ya bei ya chini kabisa, inayotumia betri ndogo na paneli ndogo ya jua, bila kumuuliza mtu yeyote. Waliobuni kifaa hiki waliamua kutupa karibu data yote. Sisi wa enzi hii ya akili mnemba tunaona kutupa data ni dhambi. Hapa ndipo tunapopaswa kujifunza adabu.

Mnyororo wa tahadhari

Chukua mfumo wa kawaida ambao mtengenezaji wa programu angeuchora ubaoni. Kihisi kinatuma kwa kituo kidogo cha redio. Kituo kinatuma kwa mnara wa simu. Mnara unapeleka kwa seva. Seva inaamua, inatuma kwa kampuni ya jumbe. Ujumbe unarudi kwa mnara. Simu inaupokea, na mtu anausoma. Tuseme kuna viungo sita vya kiufundi, na tuwe wakarimu tuseme kila kimoja kinafanya kazi kwa asilimia 95 usiku wa dhoruba. Zidisha 0.95 kwa yenyewe mara sita, unapata kama 0.74. Maana yake katika kila usiku wa hatari minne, mmoja tahadhari haifiki. Na hapo nimehesabu kana kwamba kila kiungo kinaharibika kivyake. Tunajua sivyo. Mvua inayoangusha mlima ndiyo hiyo hiyo inayoangusha nguzo za umeme na kuzima minara.

Halafu kuna huyo mtu wa mwisho. Ujumbe umefika saa nane usiku, simu iko kimya, umeandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili cha ofisini. Bibi wa Kipokot au wa Kimarakwet ataufanya nini? King'ora hakina lugha. Kikilia mara tatu na kila mtu ameshaambiwa maana yake kwenye baraza la chifu, mtoto wa darasa la pili anajua pa kukimbilia.

Rio de Janeiro walilielewa hili. Mji ule una vitongoji vingi vilivyojengwa kwenye miteremko mikali. Baada ya maporomoko mabaya ya Aprili 2010, kuanzia mwaka 2011 walianza kuweka ving'ora ndani ya vitongoji vyenyewe, vinavyopigwa mvua ikizidi kiwango, pamoja na mazoezi ya kuhama na mahali maalumu pa kukutania. Simu zilikuwepo. Hata hivyo waliona haja ya kelele ndani ya kitongoji.

Hoja ya upande wa pili

Najua kuna watakaonipinga, na hoja yao ina uzito. Watasema: mashine isiachiwe peke yake kuhamisha kijiji, panahitajika mwanajiolojia atazame mwenendo wa namba, alinganishe na mvua, ndipo aamue. Watanitajia Blatten, Uswisi. Tarehe 19 Mei 2025 wakazi wapatao 300 walihamishwa na mamlaka baada ya wataalamu kuona mlima unasogea. Tarehe 28 Mei barafu na mawe vilishuka vikakifunika karibu kijiji chote. Mtu mmoja aliyekuwa nje ya eneo lililohamishwa alifariki. Bila uamuzi wa wataalamu ingekuwa msiba wa mamia.

Nakubali kabisa. Lakini tazama muda waliokuwa nao: siku tisa. Kwa siku tisa unaweza kuitisha mkutano, kuleta helikopta na kubishana. Ndiyo maana nasema kuna saa mbili hapa, na kila moja ina mwenyewe. Saa ya kwanza inakwenda kwa siku na wiki. Hiyo ni ya wataalamu, na hapo seva ina kazi yake: kupokea zile namba 96 za kila siku, kuzihifadhi, kuonyesha kwamba mteremko fulani umeanza kuchangamka tangu Jumatatu. Saa ya pili inakwenda kwa dakika. Hiyo ni ya king'ora. Namba ikivuka kizingiti cha juu mfululizo saa nane usiku, hakuna mwanajiolojia wa kuamshwa Nairobi ili afungue kompyuta. Kifaa kipige kelele, seva itaarifiwa baadaye kama mtandao upo.

Kwa lugha ya msimbo, seva ipate nakala lakini isiwe kwenye njia. Ikizimika, king'ora kisijue hata kama imezimika.

Kengele ya uongo ni suala la baraza

Sasa kizingiti kiwekwe wapi? Kikiwa chini sana, king'ora kitalia kila mvua na watu watakizoea, kama yule mtoto wa hadithi aliyepiga mayowe ya fisi hadi siku fisi alipokuja kweli hakuna aliyetoka. Kikiwa juu sana, kitalia wakati udongo uko mlangoni.

Watengenezaji wa programu tunapenda kulichukulia hili kama hesabu ya kutafuta namba bora. Mimi nadhani si letu. Kuhama usiku kuna gharama: mifugo inaachwa, wazee wanabebwa, watoto wanalowa, na wezi wanajua nyumba ziko tupu. Swali linalofaa kuulizwa kwenye baraza ni hili: mko tayari kulala shuleni bure mara ngapi kwa mwaka, ili siku ya kweli msiwe ndani? Wakisema mara mbili, mwanajiolojia ana kitu cha kufanyia kazi. Wakisema hata mara moja hatutaki, basi afadhali tujue mapema kabla ya kuchimba shimo.

Watu walioshiriki kuchagua kizingiti wana sababu ya kuvumilia kengele ya uongo, kwa kuwa wanajua ni bei waliyokubali kulipa. Kengele ya uongo iliyotoka kwenye algoriti ya mgeni ni matusi tu.

Kimya si usalama

Niliwahi kuandika programu ya kupokea data kutoka kwenye mita za mradi mmoja wa mashambani, mradi ambao sitautaja. Mwaka wa kwanza kulikuwa na wageni, picha na fulana. Baada ya ufadhili kuisha, mita zilianza kunyamaza moja moja. Betri moja ilikufa, paneli moja iliibwa, waya mmoja ulitafunwa na panya. Skrini ya ofisini ilibaki ya kijani kwa wiki kadhaa kwa sababu ilikuwa inaonyesha namba ya mwisho iliyopokelewa. Kwa mita za maji hasara yake ni hesabu mbaya. Kwa mlima, watu wanalala kwa amani chini ya kifaa kilichokufa, na hilo ni baya kuliko kutokuwa na kifaa, kwa sababu bila kifaa wangekuwa wanachungulia nyufa.

Kwa hiyo, kwa yeyote atakayetengeneza mfumo huu kwetu, haya ndiyo masharti yangu:

1. King'ora kijijaribu chenyewe kila siku kwa mlio mfupi, saa inayojulikana, kama adhana au kengele ya shule. Siku usiposikika, kila mtu anajua kimeharibika bila kuhitaji intaneti.

2. Kifaa kikiishiwa betri kilie mlio tofauti kabla ya kufa.

3. Kijana au mama wa kijiji hicho hicho afundishwe kubadilisha betri na kusafisha paneli, alipwe kwa kazi hiyo, na fedha ya miaka kumi itengwe kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa.

4. Mpango wa msimbo na saketi uwe wazi, ili fundi wa redio wa Kapenguria au Murang'a aweze kutengeneza bila kusubiri mtu kutoka ng'ambo.

Mipaka ya sauti

Nisije nikaonekana muuza dawa ya kienyeji inayotibu magonjwa yote. Bomba moja linalinda mteremko mmoja tu. Kuchimba shimo refu kwenye mlima usio na barabara ni ghali kuliko kifaa chenyewe. Lazima mwanajiolojia aseme tabaka la mtelezo liko wapi, la sivyo utasikiliza mahali ambapo hakuna kinachotokea.

Zaidi ya hayo, si kila poromoko hutambaa kwanza. Lile tope lenye mawe linaloshuka kwa kasi kwenye makorongo, kama lililoivamia Katesh, si kazi ya bomba la changarawe. Hapo kuna namna nyingine ya kusikiliza. Kwenye korongo la Illgraben, Uswisi, vihisi vya mtetemo wa ardhi vimewekwa kwenye kuta za kuzuia maji huko juu, na tope likianza kushuka vinatoa tahadhari kwa walio chini kabla halijawafikia. Muda unaopatikana ni mfupi. Na hapo ndipo hoja yangu inapokuwa na nguvu zaidi: ukiwa na dakika chache tu, huna nafasi ya kupitia Nairobi.

Jambo jingine, kihisi kisiwe kisingizio. Nisingependa kuona kaunti inafunga king'ora halafu inaruhusu shule nyingine ijengwe chini ya ufa ule ule. Kuhamisha watu kwa heshima na kwa fidia, kuchimba mitaro ya kuondoa maji, kuacha miti kwenye miteremko, hayo ndiyo tiba. King'ora ni cha muda ambao tiba haijafika, na kwetu tunajua muda huo unaweza kuwa mrefu.

Tuanzie wapi?

Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza lengo kwamba kila mtu duniani awe analindwa na mfumo wa tahadhari ya mapema ifikapo mwisho wa 2027. Naogopa lengo kama hilo litatafsiriwa kuwa programu ya simu na uzinduzi hotelini. Mimi ningependa kuona kitu kidogo zaidi. Kaunti moja, iwe West Pokot, Elgeyo Marakwet au Murang'a, ikae na wanajiolojia na machifu, iorodheshe miteremko kumi yenye nyufa zinazojulikana juu ya nyumba au shule. Ichague mitatu. Ichimbe mashimo matatu, isimamishe mabomba matatu, na misimu miwili ya mvua ipite watu wakisikiliza mlio wa majaribio kila jioni na kufanya mazoezi ya kuhama. Vyuo vikuu vyetu vina wahandisi wa kuunda saketi hiyo. Wanafunzi wanaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho ni wengi kuliko miradi.

Na wewe msomaji unayeandika programu, ukiletewa kazi hii, swali la kwanza usiulize data itahifadhiwa wapi. Uliza king'ora kitalia vipi mnara ukizimika. Kama aliyekuletea hana jibu, mrudishe akalitafute kwanza.

Haya, mimi nimemaliza. Kama kuna msomaji anayeishi chini ya miteremko hii na anaona nimekosea kuhusu king'ora, au kuna fundi aliyewahi kuchimba mashimo kama hayo hapa nchini, tafadhali aniandikie. Nitafurahi kubishana. Alamsiki!